Stripu za sukari zijaribiwe kwa damu nyepesi kabla ya kununuliwa: barua ya wazi kwa wakuu wa afya

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya
Wakuu wa Bohari ya Taifa ya Dawa
Wakuu wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa
Wakuu wa Shirika la Viwango la Taifa
Uganda

YAH: UNUNUZI NA UTENGENEZAJI WA VIHISI VYA VIMENG'ENYA VYA KUPIMIA DAMU

Waheshimiwa,

Ombi letu ni moja, na tunalitanguliza ili asiye na muda wa kufika mwisho wa barua alipate. Zabuni ijayo ya stripu za kupimia glukosi (sukari ya damu), laktati au ketoni isifungwe kabla stripu zenyewe hazijajaribiwa hapa Uganda kwa damu yenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 15. Kwa glukosi, jaribio hilo linakula vichupa vinne vya stripu na siku mbili za fundi mmoja wa maabara. Vifaa vyake ni sentrifuji, pipeti na mashine ya kawaida ya kemia ya damu.

Sababu iko kwenye wodi ya watoto. Mtoto wa miaka sita analetwa na malaria kali, hajitambui, viganja na ulimi vimekuwa vyeupe. Sista anamchoma kidole, anagusisha tone kwenye stripu, na baada ya sekunde tano mashine inaandika 2.5. Kwa umri wake, kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha kutibu sukari iliyoshuka katika malaria kali ni chini ya milimoli 2.2 kwa lita (kwa walio chini ya miaka mitano ni chini ya 3). Kwa kuwa 2.5 iko juu ya mstari, dekstrozi (maji ya sukari ya dripu) inabaki kabatini na watu wanahangaikia damu ya kumwongezea. Lakini hemoglobini ya mtoto huyu ni 5, yaani hematokriti yake ni kama 15, na stripu ile ilipangwa kwa damu ya mtu mzima asiyepungukiwa. Ikiwa inazidisha kwa robo tu, sukari yake halisi ni 2.0. Hapo mashine ni nzima na sista hana kosa. Kosa lilifanyika siku zabuni ilipoandikwa bila neno hematokriti.

Tueleze kinachotokea ndani. Kimeng'enya (protini inayochochea mmenyuko wa kemikali) kilichokaushwa kwenye stripu ama ni glukosi oksidasi, itokayo kwa kuvu wa Aspergillus niger, ama ni glukosi dehidrojenasi. Vyote viwili hunyang'anya kila molekuli ya glukosi elektroni mbili. Elektroni hizo hupokelewa na kemikali ya kubebea, mara nyingi ferisianidi, ambayo huzifikisha kwenye elektrodi ya kaboni, na mashine husoma mkondo wa umeme. Kwa elektrodi yenye kipenyo cha milimita 3 na sukari ya milimoli 10, mkondo ni makumi ya maikroampea. Huo ni mwingi. Saketi ya bei ya chini kabisa inausoma bila taabu. Shida iko njiani, kabla ya umeme. Chembe nyekundu hujaa ndani ya mfereji mwembamba wa stripu kama magari ya Kampala saa kumi na moja jioni, na glukosi na kibebaji chake hulazimika kupenya katikati yake. Chembe zikiwa chache, njia ni nyeupe na mkondo hupanda ingawa sukari ni ileile. Zikiwa nyingi, kama kwa kichanga ambaye hematokriti yake inaweza kufika 60, mkondo hushuka. Juu ya hapo, namba tunayoonyeshwa ni ya plazima (majimaji ya damu bila chembe), na kizidisho kinachotumika kuigeuza kutoka damu nzima, yaani 1.11, kimekokotolewa kwa hematokriti ya 43.

Watengenezaji wengine walishalitatua jambo hili. Stripu zao hupitisha kwanza umeme wa kubadilika-badilika kati ya elektrodi mbili, hukadiria wingi wa chembe, kisha hurekebisha jibu. Kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kikasha utaona imeandikwa hematokriti 10 hadi 65, au karibu na hapo. Nyingine zimeandikwa 30 hadi 55. Tunawaomba mfungue vikasha vilivyo ghalani sasa hivi msome mstari huo. Ukikuta 30, fahamuni kwamba mwenye kiwanda alishasema kwa maandishi kuwa stripu yake haimhusu mtoto tuliyemtaja.

Wauzaji hutanguliza cheti cha ISO 15197:2013, nacho ni kiwango kizuri kwa kazi yake. Kinataka asilimia 95 ya majibu yatofautiane na maabara kwa si zaidi ya milimoli 0.83 pale sukari iko chini ya 5.55, na kwa si zaidi ya asilimia 15 ikiwa 5.55 au juu yake. Kilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye kisukari anayejipima nyumbani. Masafa ya hematokriti huyatangaza mtengenezaji mwenyewe. Halafu angalieni hesabu: 2.0 ikisomwa 2.8, jibu hilo bado liko ndani ya kiwango. Kwa mtu anayepanga dozi ya insulini, tofauti hiyo haina uzito. Kwa mtoto asiyejitambua ina uzito wote.

Jaribio lenyewe linakwenda hivi. Kusanyeni damu ya mshipa kwenye mirija ya heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) kutoka kwa watu wazima waliokubali, kisha iacheni ilale usiku mmoja katika joto la chumba. Chembe zitaila sukari iliyomo. Katika saa za mwanzo hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Ikifika chini ya 1.5, zungusheni kwenye sentrifuji, tenganisheni plazima na chembe, kisha mzichanganye upya kwa vipimo mpate hematokriti 15, 25, 35, 45 na 60. Kila moja igawanywe katika mirija minne, na sukari ipandishwe kufikia karibu 2, 5, 10 na 20. Maji ya glukosi ya asilimia 20 yana milimoli 1,110 kwa lita, hivyo maikrolita 9 ndani ya mililita 2 za damu hupandisha kwa 5. Mirija ishirini, kila mmoja stripu kumi, jumla 200, na kichupa kimoja huwa na 50.

Kuna mitego miwili inayowafanya watu waikatae stripu nzuri. Wa kwanza ni maji ya glukosi yaliyokorogwa asubuhi ileile. Unga wa glukosi kwa kawaida huwa wa umbo la alfa, na oksidasi inataka beta. Yakilala usiku, maumbo mawili hutulia kwenye 36 kwa 64. Yasipolala, stripu husoma chini huku mashine ya maabara, inayotumia heksokinasi isiyochagua umbo, ikisoma sawasawa. Wa pili ni oksijeni. Damu iliyolala imekuwa nyeusi, oksijeni imekwisha. Katika stripu za oksidasi, oksijeni hushindana na ferisianidi kupokea elektroni. Ikikosekana, jibu hupanda. Mirija ifunguliwe na kuviringishwa polepole mpaka damu iwe nyekundu ya kung'aa, ndipo upimaji uanze. (Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa aliye kwenye oksijeni ya mtungi anaweza kusomwa chini ya ukweli na stripu za aina hii. Kwake dehidrojenasi inafaa zaidi.)

Kila mrija ukipimwa kwa stripu, sehemu yake izungushwe papo hapo, plazima itolewe ndani ya dakika kumi na kupelekwa kwa heksokinasi. Ukichelewa, chembe zinaendelea kula na utailaumu stripu kwa njaa ya damu. Kigezo tunachopendekeza cha kufaulu: wastani wa stripu kumi kwa kila hematokriti, ukishatolewa jibu la maabara, usiachane na ule wa hematokriti 45 kwa zaidi ya milimoli 0.55 pale sukari iko chini ya 5.55, au kwa zaidi ya asilimia 10 kwa zilizo juu. Bechi (stripu za mkupuo mmoja wa kiwanda) ikishindwa kwenye 15 lakini ikafaulu kuanzia 35, si lazima itupwe. Inafaa kliniki ya kisukari. Iandikwe hivyo kwenye kikasha kwa wino mwekundu na isipelekwe wodi ya watoto.

Suala la joto ni fupi ila gumu. Vichupa vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 4 na 30. Januari na Februari, mchana wa Gulu, Adjumani au Moroto unapita 30 kivulini, achilia mbali ndani ya sanduku la bodaboda. Joto na unyevunyevu huharibu stripu kwa njia mbili zinazopingana. Ferisianidi hujigeuza yenyewe kuwa ferosianidi, kwa hiyo mkondo upo hata pasipo sukari, na jibu hupanda. Wakati huohuo kimeng'enya kinakufa, na jibu hushuka. Kwenye sukari ya 6, makosa hayo mawili yanaweza kufutana kabisa, fundi akapima maji ya udhibiti (yenye sukari inayojulikana) ya kiwango kimoja, akaandika "sawa" na kuendelea. Kwenye 2.5, kosa la kwanza ndilo linalobaki likitamba. Ndiyo maana tunaomba kila mgao wa stripu uende na maji ya udhibiti ya viwango viwili, cha chini kikiwa kati ya 2 na 3. Na agizo moja lisilogharimu kitu: stripu zisigawanywe kumi kumi kwenye bahasha ili vituo vingi vipate. Tunaelewa nia ni njema, lakini dawa ya kukausha imo ndani ya ukuta au kifuniko cha kichupa, na ikishatoka humo stripu ina saa chache tu.

Kwenye daftari la wodi iandikwe pia namba ya bechi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na stripu mbovu nazo huua bila habari kwa namna hiyohiyo.

Mambo mengine ya kitandani tutayapitia haraka kwa kuwa wauguzi wanayajua kuliko sisi. Kidole kilichoshika fenesi au muwa kioshwe kwa maji. Spiriti peke yake haiondoi sukari. Damu isitolewe kwenye mkono wenye dripu: dekstrozi ya asilimia 10 ina zaidi ya milimoli 500 kwa lita, kwa hiyo sehemu 1 katika 100 ikichanganyika na damu hupandisha jibu kwa 5, na mtoto mwenye 1.5 anaonekana ana 6.5. Stripu za dehidrojenasi ya aina ya PQQ (kemikali inayokisaidia kimeng'enya hicho) zisinunuliwe kabisa. Zinasoma maltosi kama glukosi, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo 13 kuripotiwa.

Sasa tuje kwetu sisi tunaovitengeneza vihisi hivi nchini, kwa sababu barua ya kuwalaumu wauzaji wa nje peke yao isingekuwa ya haki.

Wanaosema Uganda haiwezi kutengeneza stripu kwa kuwa vimeng'enya ni ghali hawajapiga hesabu. Stripu moja inahitaji yuniti chache za glukosi oksidasi, tuseme 5. Kichupa cha yuniti 50,000, ambacho ni ukubwa wa kawaida sokoni, kinatosha stripu 10,000. Wino wa kimeng'enya wa kuanzia ni huu: ferisianidi ya potasiamu milimoli 100 kwa lita, bafa ya fosfeti (ya kutuliza pH), selulosi ya CMC asilimia 0.5 ili usitiririke, trehalosi asilimia 3 ili kimeng'enya kisife kikikauka, na Triton X-100 asilimia 0.1 ili damu iingie yenyewe. Unadondoshewa maikrolita 2 kwenye elektrodi iliyochapwa kwa wino wa kaboni juu ya plastiki ya PET, iliyokaushwa nyuzi 60 hadi 80 kwa nusu saa. Ukizidisha joto, plastiki inajikunja. Mfereji ni gundi ya pande mbili yenye unene wa milimita 0.1: upana milimita 2, urefu 3, unameza maikrolita 0.6 za damu. Kifaa cha kusomea nacho si siri. Michoro ya potensiostati (kifaa cha kuweka volti na kusoma mkondo) ya CheapStat ilitolewa wazi mwaka 2011, ikiundika kwa chini ya dola 80, na tangu hapo zimetokea za bei nafuu zaidi.

Kinachotushinda ni usawa. Mkondo unafuata eneo la elektrodi moja kwa moja: eneo likitofautiana kwa asilimia 5 kati ya stripu na stripu, majibu yanatofautiana kwa asilimia 5 kabla ya kitu kingine chochote kuharibika. Wavu wa kuchapia ukichakaa, kingo zinavuja. Mkono wa mchapaji ukichoka jioni, wino unakuwa mnene upande mmoja. Tone la kimeng'enya hukauka na kuacha pete pembeni, katikati pakabaki patupu, hasa feni ikiwa karibu. Na hewa: wakati wa kufunga vichupa, unyevunyevu wa chumba unapaswa kuwa chini ya asilimia 20, jambo ambalo karibu na ziwa Nalubaale (Viktoria) halitokei bila mashine ya kukausha hewa, na mashine hiyo haifanyi kazi umeme ukikatika. Fedha zinaliwa na chumba, kichupa na upimaji wa bechi. Kimeng'enya kinakula chenji.

Kwa hiyo, fedha za utafiti zikitolewa, zielekezwe huko. Miradi mingi inaishia kwenye kihisi kimoja kilichofanya kazi vizuri sana ndani ya bafa safi, pH 7.4, bila damu. Mtu akiwaletea mchoro wa namna hiyo, mwulizeni mambo mawili: stripu mia moja za bechi moja zinatofautianaje, na baada ya miezi mitatu kwenye nyuzi 40 zinasomaje?

Tunawaomba pia msidanganywe kuhusu kreatinini (taka ya misuli inayoonyesha hali ya figo), hata na sisi. Kila wiki kuna mtu ana wazo la kihisi cha figo cha bei rahisi. Glukosi iko kwenye damu kwa milimoli 5. Kreatinini ya mtu mzima mwenye afya ni kama milimoli 0.08. Kuifikia kwa njia hii kunahitaji vimeng'enya vitatu mfululizo, kreatininasi, kreatinasi na sarkosini oksidasi, na cha pili kinakula pia kreatini iliyokuwamo tayari, isiyo na uhusiano na figo. Mwishowe hutoka haidrojeni peroksidi, ambayo ikisomwa kwa volti 0.6 inachanganyika na asidi ya yuriki, iliyopo kwa kama 0.3, karibu mara nne ya kile unachokitafuta, na parasetamoli, ambayo hapa kwetu kila mwenye homa ameshaimeza kabla hajafika kituoni. Inawezekana, kwa tabaka la bluu ya Prashia linalosoma peroksidi karibu na volti 0, na kwa elektrodi ya pili isiyo na kimeng'enya cha kwanza ili mkondo wa kreatini utolewe kwenye hesabu. Lakini si kazi ya mwaka mmoja.

Laktati, asidi inayojaa damuni mwili ukikosa oksijeni, ndiyo tungeanza nayo. Iko kwa milimoli, mtu mwenye afya 0.5 hadi 2, na katika malaria kali 5 au zaidi ni dalili mbaya. Kimeng'enya ni kimoja, laktati oksidasi. Damu ipimwe hapohapo ilipotoka, bila kufunga mkono kwa muda mrefu, kwa sababu chembe huendelea kuzalisha laktati ndani ya mrija. Udhaifu wake ni kwamba laktati oksidasi haina ugumu wa glukosi oksidasi. Glukosi oksidasi iliyokaushwa huvumilia siku kadhaa nje ya friji. Hii nyingine ikikaa wiki kwenye banda la mizigo uwanja wa ndege ikisubiri mhuri, tunapokea unga uliokwisha kufa nusu, na hatujui mpaka tuujaribu.

Hapo ndipo tunapohitaji msaada wenu wa pekee. Vimeng'enya vya utafiti na utengenezaji viwe na utaratibu wao wa kupitishwa Entebbe, mzigo ukikaa kwenye friji yenye kumbukumbu ya joto mpaka utolewe, na orodha ya vimeng'enya vinavyotumika kwenye vihisi ipitishwe mara moja kwa mwaka badala ya kila kifurushi kuanza upya kana kwamba ni dawa mpya. Katika mikataba ya ununuzi, mashine za bure zisihesabiwe kama msaada: stripu ndiyo biashara, na ugavi wake ukikatika mashine elfu moja zinakuwa vinyago. Mwuzaji aahidi stripu kwa miaka yote ya mashine, na kila bechi ije na vichupa vyake vinne vya jaribio, kwa gharama yake.

Majaribio ya kwanza yangefaa kufanyika katika hospitali za rufaa za Mbale, Gulu na Kabale. Mbale kwa sababu ya watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, Gulu kwa joto, Kabale kwa kuwa iko karibu meta 2,000 juu ya bahari na oksijeni ni nyembamba. Karatasi ya kujazia, mistari 20 yenye nafasi 10 kila mmoja, tumeshaipanga kwa Kiswahili na Kiingereza. Siku mtakayotaja tutaileta pamoja na vichupa vinne vya bechi yetu wenyewe ya mwisho, nazo zipimwe kabla ya za mtu mwingine yeyote.

Wenu,
Sisi watengenezaji na wapimaji wa vihisi vya vimeng'enya,
Kampala na Mbarara